Uliza Anti: Naota nimepanda farasi na sijawahi hata kumgusa

Wapenzi wasomaji, toleo lililopita tuligusia ndoto kidogo tu pale mwishoni, na tangu hapo meseji za ndoto hazijakatika, na ajabu ni kwamba nyingi sana ni za farasi. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwasababu ina mambo mengi ndani yake na najua iko kwenye nyumba nyingi.

Shikamoo Anti. Mi ni mama wa watoto watatu, nipo Mbagala, nauza vitenge na mabeseni. Toka mwezi wa pili naota nimepanda farasi. Sijawahi kupanda farasi mimi maishani wala kumgusa, nimewaona tu wale wa polisi siku za sherehe. Lakini Anti kwenye ndoto nasikia kila kitu, joto la shingo yake, yale manyoya ya shingoni nimeyakamata mpaka yananikata vidole, jasho lake nalinusa, upepo unanipiga machoni. Mwanzo ilikuwa raha naamka nacheka. Sasahivi anaenda shoti na nikivuta hatamu hasimami, mikono haina nguvu kabisa, naamka moyo unadunda na nguo imelowa. Jirani kanipeleka kwa mtaalamu, kasema ni jini mahaba kajigeuza farasi ananitaka, na kumtoa ni laki tatu na beberu mwekundu. Mume wangu yuko machimboni Geita sijamwambia. Anti niitoe hiyo hela?

Marahaba mdogo wangu. Hiyo laki tatu usiitoe. Naanza na hapo ili hata ukiishia mstari huu uwe umepata jibu lako.

Nilimuomba dada huyu nimpigie, tukaongea sana, na kaniruhusu niandike haya. Sikumuuliza farasi ana maana gani, nilimuuliza farasi mwenyewe yukoje. Akaniambia ni wa kahawia, ana alama nyeupe katikati ya paji la uso, na hatamu zake zina vishada vyekundu vinaning'inia. Nikamuuliza huyo ulishamuona wapi? Akanyamaza kidogo afu akasema "we Anti, si ni yule wa kwenye tamthilia!" Kumbe kila jioni yeye na wanae wanaangalia tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, na yule shujaa wao ndo farasi wake huyo, alama na vishada vyote. Kwahiyo farasi kaingilia sebuleni, kwa mlango wa wazi kabisa. Ndoto zinaokota vitu hivo, sura ya mtu uliyekutana nae kwenye daladala, wimbo wa tangazo, mnyama wa kwenye tivii, zinavichanganya na mambo yako mengine ya zamani na ya jana.

Sasa kwanini farasi yule yule, na kwanini hasimami? Hapo nikamuuliza siku. Ndoto inakuwa nzito siku gani? Akasema hajawahi kufikiria, ila tukirudi nyuma pole pole ikaonekana sana sana ni usiku wa Jumatano. Na Alhamisi asubuhi kuna nini? Alhamisi asubuhi anakuja mtu wa marejesho. Dada yetu mwezi wa pili alichukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, kwa ajili ya mzigo wa vitenge, mume hajui, na wiki ambayo biashara imelala anakopa kwa mwingine alipe huyu.

Sitaki niseme kwa uhakika kwamba farasi ni mkopo, maana hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia hilo, hata daktari. Lakini wewe mwenyewe uliponisikia nikitaja Alhamisi ulianza kulia kwenye simu, na mimi naamini machozi yako kuliko ninavyoamini bei ya beberu. Kitu ulichokipanda kwa furaha, kikakupa mwendo, sasa unavuta hatamu hakisikii. Mwaka 1923 daktari mmoja wa Vienna, Sigmund Freud, ambaye mengi aliyoyasema kuhusu ndoto yameshapingwa sana, aliandika jambo moja ambalo mi naona limesimama mpaka leo. Kwamba mtu na matamanio yake ni kama mpanda farasi na farasi, farasi ana nguvu kumzidi, na mara nyingi mpandaji anaishia kumuongoza farasi kwenda kule kule farasi mwenyewe anakotaka.

Na ile mikono kuishiwa nguvu isikutishe. Mwaka 1953 pale Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walionyesha kwamba kuna vipindi vya usingizi ambapo macho yanakimbia kimbia chini ya kope, na ukimuamsha mtu hapo mara nyingi anakusimulia ndoto. Vipindi hivo vinarudi takriban kila dakika 90 na vinarefuka kadri alfajiri inavyosogea, ndo maana ndoto kali tunazikumbuka za alfajiri. Na wakati huo ubongo unafunga misuli karibu yote, unaacha ya kupumua na ya macho, ili usije ukaruka kitandani ukaifuata ndoto yako. Kwahiyo unaota unavuta na mwili umefungwa kweli, na huenda ile hali ya mikono kulegea inatokana na hapo. Usiku stresi ikiwa nyingi unaamka amka hovyo, na kila ukiamka katikati ya ndoto unaikumbuka yote, jasho, manyoya, kila kitu, wakati mtu aliyelala fofofo anaota vile vile ila asubuhi hana habari.

Kuhusu jini, sisemi majini hayapo, hilo ni la imani yako na siwezi kukuingilia. Nasema tu kwamba dua ni bure. Soma Ayatul Kursiy unapolala, au kama ni mkristo omba kama unavyoomba, hakuna anayekutoza laki tatu kwa hilo. Mtu ambaye hajakuuliza una madeni, unalala saa ngapi, unatumia dawa gani, ila anajua tayari bei, huyo anakuongezea mkopo mwingine juu ya mkopo.

Fanya haya. Mwambie mume wako wiki hii, mpigie muda ambao katoka shimoni na ametulia. Waulize hao wakopeshaji kama wana leseni ya Benki Kuu, maana sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 inawataka wawe nayo, na omba ratiba mpya ya marejesho kwa maandishi. Tamthilia waache watoto waangalie, we usiku wa Jumatano kaa nje na jirani, kunywa maji ya uvuguvugu, lala mapema. Na ile ndoto ya mwanzo, ile ya kuamka unacheka, usiichukie hata kidogo, ilikuwa furaha yako ya kuanzisha kitu chako na bado ni ya kwako.

Assalaam alaykum Anti. Mimi kijana wa Unguja, Michenzani. Nimeota nimepanda farasi mweupe napita kwenye barabara na watu wananitazama. Ustadhi mmoja kaniambia nitapata cheo, rafiki yangu mkristo kaniambia farasi mweupe ni dalili ya mwisho wa dunia. Nishike lipi?

Waalaykum salaam mwanangu. Usishike lolote kwa haraka.

Ni kweli kwenye Uislamu farasi ana heshima yake, Qur'ani kwenye Suratun Nahl inawataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni wa kupandwa na ni pambo, na Mtume (S.A.W.) alisema kheri imefungwa kwenye nywele za paji la uso la farasi mpaka siku ya Kiyama. Kwahiyo ustadhi hajatoa neno lake hewani. Lakini Mtume huyo huyo alifundisha kwamba ndoto ni za namna tatu, kuna bishara itokayo kwa Mwenyezi Mungu, kuna ya shetani ya kumhuzunisha mtu, na kuna yale ambayo mtu anajisemesha nayo mwenyewe nafsini. Ya kwako ni ipi, mtu wa barazani hawezi kuijua kwa kusikia sentensi moja.

Vile vijitabu vya kutafsiri ndoto vinavyouzwa vimeandikwa Ibn Sirin kwenye jalada, ukifungua "farasi" unakuta maana mstari mmoja, mi vinanisikitisha. Muhammad bin Sirin alikuwa mtu wa Basra, mcha Mungu, alifariki mwaka 110 Hijria yani kama 728 au 729, na wataalamu wengi wanaona hivo vitabu vimeandikwa na wengine baadae vikapewa jina lake. Na kisa kinachosimuliwa sana juu yake kinavipinga vitabu hivyo vyenyewe. Walimjia watu wawili, kila mmoja kaota anaadhini. Mmoja akamwambia utakwenda Hija, mwingine akamwambia utakamatwa kwa wizi. Ndoto moja, majibu mawili, kwasababu alimtazama mtu kabla ya kuitazama ndoto. Hata yule Mgiriki Artemidorus wa karne ya 2, ambae nae alikusanya ndoto za watu masokoni na kwenye sherehe, alikuwa anashika hilo hilo, kwamba lazima ujue aliyeota ni nani, anafanya kazi gani, ni tajiri au maskini, mzima au mgonjwa.

Na rafiki yako mwambie afungue tena Ufunuo. Sura ya 6 kuna farasi mweupe na mpanda wake ana upinde, anatoka kushinda, na nyuma yake wanakuja mwekundu, mweusi na wa kijivujivu wa mauti. Ila sura ya 19 kuna farasi mweupe mwingine na aliyempanda anaitwa Mwaminifu na wa Kweli. Kitabu kimoja, rangi moja, na wakristo wenyewe wamebishana karne na karne yule wa kwanza ni nani. Kwahiyo rangi peke yake haitoshi.

We niambie, watu walipokuwa wanakutazama ulijisikiaje, ulijisikia fahari au ulitaka kujificha? Na kuna kitu unakisubiri hivi karibuni, usaili, posa, matokeo? Hukuandika, na jibu liko hapo. Kama ilikufurahisha, mshukuru Mungu, msimulie anayekupenda, basi. Cheo fanyia kazi.

Habari Anti. Nina miaka 29, nipo Mwanza. Nimeanza dawa CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU) karibuni, na tangu nianze naota ndoto kali mno, ya farasi ndo inajirudia, kama filamu kabisa, rangi zake, sauti za kwato. Kuna mtu kaniambia dawa zinachezea akili niache. Naogopa.

Usiache. Tafadhali sana kaka usiache hata siku moja, ukiacha virusi vinapata nafasi ya kuzoea dawa na ukirudi huenda hiyo dawa isikusaidie tena.

Unachokipata kinajulikana na kimeandikwa kwenye karatasi ya dawa. Zamani ilikuwa efavirenz, hiyo ilisifika kwa ndoto kali na kizunguzungu kiasi kwamba watu walishauriwa wameze wakati wa kulala. Siku hizi wengi wapo kwenye kidonge kimoja chenye dolutegravir, na hicho nacho kwa baadhi ya watu kinaleta ndoto nzito au kukosa usingizi, mara nyingi mwanzoni na inapungua mwili unapozoea. Kama unameza usiku, waulize wahudumu wako kama unaweza kuhamia asubuhi, watu wengi wanasaidika na hilo dogo tu. Waambie na dawa nyingine zote unazotumia. Na wakuangalie hali yako kwa ujumla, maana kupokea majibu yale peke yake kunatosha kumvuruga mtu usingizi, hata kama asingemeza kitu. Ukiona umekata tamaa ya maisha au unasikia sauti, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo.

Na hii ni kwa wengine pia, siyo dawa za VVU (ARV) tu. Mefloquine ya kuzuia malaria, propranolol ya presha na mapigo ya moyo, baadhi ya dawa za sonona, zote zinaweza kufanya ndoto ziwe kali. Hata pombe, mtu aliyezoea kunywa kila usiku akiacha ghafla ndoto zinarudi kwa fujo. Wajawazito nao wananiandikia hivo hivo, wanaamka mara nyingi usiku basi wanakumbuka kila kitu.

Anti mi ni mtoto wa Tanga nipo Oman, nafanya kazi kwenye zizi la farasi, nawaogesha, nawalisha, nawatembeza alfajiri kabla jua halijawa kali. Miezi iliyopita mmoja alishtuka akanirusha, mguu ukabaki umenasa pale pa kukanyagia, akaniburuza. Nimepona. Ila kila nikilala naburuzwa tena. Na farasi mwenyewe ndo ninayemhudumia kila siku.

Pole sana mdogo wangu, na kwako sitafuti maana yoyote, ndoto yako inasema kilichotokea. Mwili umepona ila kichwa bado kinaburuzwa.

Kuna njia ambayo watabibu wanaitumia kwa jinamizi la namna hii na imesaidia wengi. Mchana ukiwa umetulia, andika ile ndoto kwenye daftari, halafu ubadilishe pale unapotaka wewe. Labda mguu unachomoka mapema unaangukia kwenye mchanga. Labda farasi anashtuka, unamsemesha kwa lile neno unalomwambia kila siku ukimsugua, anatulia. Chagua mwenyewe, usiandike ya kwangu. Kisha kila siku funga macho dakika kumi hivi uipitie hiyo mpya toka mwanzo mpaka mwisho. Ubongo unajifunza, taratibu.

Zizini usijilazimishe kurudi mgongoni kwasababu wenzako wanakuona muoga. Anza kwa kumshika shingo, siku nyingine kumtembeza kwa kamba, siku nyingine tandiko bila kupanda. We unawajua wanyama hao kuliko mimi, na unajua farasi mwenyewe aliyeshtuka unamrudisha hivo hivo, hatua hatua. Vaa kofia ngumu na viatu vyenye kisigino, mguu usipenye tena ukanasa. Na kama mchana pia picha zinakujia, unashtuka ukisikia kwato, hamu ya chakula imekwisha, basi hiyo imezidi ndoto, muombe mwajiri wako akupeleke kwa daktari, na umpigie mama nyumbani umwambie ukweli, najua umemficha.

Habari Anti, nakuandikia kutoka Nanyuki. Babangu ana miaka 68, ujanani alifanya kazi kwa ranchi huku Laikipia akichunga ng'ombe akiwa juu ya farasi. Siku hizi usiku anapanda farasi kitandani! Anapiga mateke, anapiga makelele ya kufukuza ng'ombe, juzi alimpiga mama ngumi ya jicho. Tukimwamsha anasema alikuwa kwa farasi. Wazee wanasema anaitwa na mababu.

Hii ndo barua iliyonifanya niandike ukurasa mzima, na nakuomba usiichukulie kirahisi.

Kumbuka nilichomwambia dada wa Mbagala, kwamba ukiota misuli inafungwa. Kwa baba inaonekana hiyo kufuli haifungi, kwahiyo anachokiota anakitenda. Ni ugonjwa wa usingizi unaojulikana, daktari Carlos Schenck na wenzake kule Minnesota waliueleza mwaka 1986, na unawapata zaidi wanaume waliovuka miaka 50. Ndoto zenyewe mara nyingi ni za kukimbizana, kupigana, kufukuza wanyama, na zinakuja zaidi nusu ya pili ya usiku. Mama hakupigwa kwa chuki, mwambieni hilo vizuri, na baba msimuaibishe.

Ila kuna sababu ya kwenda hospitali. Kwa wengi wenye hali hii, baada ya miaka kadhaa wanaweza kupata ugonjwa wa Parkinson (wa kutetemeka na kukakamaa mwili) au aina fulani ya kupoteza kumbukumbu. Wengine inasababishwa na dawa, hasa baadhi ya za sonona, na hapo daktari akibadilisha dawa inaweza kutulia. Kwahiyo atafutiwe daktari wa mishipa ya fahamu kwenye hospitali ya rufaa, mbebe dawa zake zote, na muangalie kama mikono inatetemeka akiwa amekaa, kama hatua zimekuwa fupi, kama hasikii harufu ya chakula kama zamani, kama choo ni kigumu.

Kuanzia usiku wa leo tandikeni godoro chini, ondoeni meza, taa ya vioo, panga na fimbo karibu na kitanda, na mama alale kitanda kingine mpaka baba apate dawa, maana zipo. Halafu wewe lala chumba cha jirani na simu ikiwa na chaji, akianza kufukuza ng'ombe usimshike kwa nguvu, muite jina lake kwa mbali, na umrekodi video hata ya dakika moja, daktari atataka kuiona.